Aisifuye Mvua Imemnyeshea

Wahenga walisema kwamba aisifuye mvua imemnyeshea. Maana yake ni nyepesi: ukisikia sifa, mtazame kwanza anayezitoa, ujue alipata nini. Nataka kuitumia methali hii kumulikia jambo moja la historia ambalo wanafunzi wengi hulipita mbio. Ni desturi ya siku nyingi kwamba mwanafunzi akiulizwa habari za gavana fulani wa kikoloni, hutoa orodha ya kazi zake: alijenga barabara, alifungua bandari, alileta shule, aliandika mikataba. Kisha hutia nukta, na aghalabu mwalimu naye hutia alama ya vema. Mimi nasema kwamba orodha ya namna hiyo haijawa historia bado. Ni hati ya duka iliyoandikwa upande mmoja tu: yaonyesha kilichonunuliwa, lakini haimtaji aliyelipa.

Ili hoja yangu isielee hewani, nitamchukua gavana mmoja wa kweli katika kisiwa kimoja cha kweli. Kisiwa hicho ni Morisi, kilicho katika Bahari ya Hindi, mashariki ya Bukini, nchi ambayo leo twaiita Madagaska. Ni kisiwa kidogo, eneo lake halifiki kilometa za mraba 2,000. Wafaransa walikimiliki tangu 1715, wakakiita Isle de France. Mwezi wa Desemba 1810, wakati wa vita baina ya Uingereza na Napoleon, Waingereza walikiteka, na gavana wao wa kwanza akawa Robert Townsend Farquhar, mtu aliyekulia katika utumishi wa Kampuni ya Uhindi ya Mashariki. Farquhar alikitawala kisiwa hicho mpaka 1823, isipokuwa ile miaka ya baina ya 1817 na 1820 alipokuwa likizoni.

Huenda msomaji akauliza: sisi wa Kenya, Morisi yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa elfu moja kila mwaka, wapelekwe katika visiwa hivyo. Watu waliotolewa bara na kupitishwa Kilwa na Msumbiji ndio waliolima mashamba ya kule. Kwa hiyo tukisema "watumwa wa Morisi" hatusemi habari za watu wa mbali. Wengi wao walikuwa wana wa Afrika ya Mashariki, na baadhi yao lugha zao tungaliweza kuzisikia na kuzifahamu hata leo.

Sasa, mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Farquhar hakuwa mtawala mvivu. Aliwaachia wakazi Wafaransa dini yao, sheria zao na mila zao, kama ilivyoandikwa katika hati ya kusalimu amri, wala hakuwalazimisha kusema Kiingereza majumbani mwao. Aliifungua bandari ya Port Louis kwa meli za mataifa mbalimbali, biashara ikachangamka. Moto mkubwa ulipouteketeza mji huo mwezi wa Septemba 1816, ukaangamiza mamia ya nyumba zilizojengwa kwa mbao, alihimiza mji ujengwe upya kwa mawe. Alipasua barabara. Tufani ya 1818 ilipoiangusha mibuni, kilimo cha miwa ambacho yeye alikuwa amekipigia debe kikazidi kushika mizizi, kwa kuwa muwa hustahimili upepo kuliko mbuni. Tena mmisionari Jean Le Brun, aliyefika 1814 na kufungua shule ya watoto wa machotara walio huru, alipata kibali chake. Kwa orodha hii peke yake, mwanafunzi angemsifu Farquhar na kupata alama zote.

Lakini na tuirudie ile methali. Mvua hii ilimnyeshea nani?

Waingereza walipokiteka kisiwa, katika kila watu kumi wanane hivi walikuwa watumwa. Neno hili lapasa kukaa mbele ya macho yetu tangu mwanzo mpaka mwisho. Mtu akisema kwamba gavana "aliheshimu mila na sheria za wakazi", hana budi kuulizwa: wakazi wepi? Katika sheria hizo zilizoheshimiwa mlikuwamo sheria iliyomhesabu mtumwa kuwa mali ya bwana wake, kitu cha kuuzwa na kurithiwa kama meza au ng'ombe. Upole uleule uliomliwaza tajiri Mfaransa ndio uliokaza mnyororo wa mtumwa wake. Kwa watu wawili katika kumi ulikuwa uungwana, na kwa wanane ulikuwa hukumu. Mwandishi asemapo tu kwamba "wakazi waliridhika", amekwisha kuwafuta watu wanane katika kila kumi kwa kalamu yake, na huo ni utumwa wa pili.

Zitazame na barabara. Farquhar aliomba wafungwa kutoka India, na kuanzia 1815 watu waliohukumiwa huko na mahakama za Kampuni walianza kupelekwa Morisi. Kwa muda wa miaka ishirini na kitu, wafungwa wapatao 1,500 walifikishwa kisiwani, wakavunja mawe, wakachimba njia na kujenga madaraja. Wengi wao hawakurudi kwao tena. Hao ndio waliojenga barabara. Gavana alitia sahihi. Sisemi kwamba sahihi si kazi, maana pasipo amri hata mawe hayavunjwi. Lakini tuandikapo kwamba "Farquhar alijenga barabara", twampa mwenye kalamu kazi ya mwenye nyundo, nasi twaiita elimu.

Hayo bado ni madogo. Kubwa ni hili lifuatalo. Mwaka 1807 Bunge la Uingereza lilikwisha kuipiga marufuku biashara ya watumwa katika milki zote za Waingereza. Kumiliki watumwa kulikuwa halali bado, lakini kuleta watumwa wapya kulikuwa hatia. Kwa hiyo siku bendera ya Uingereza ilipopandishwa Port Louis, sheria hiyo ilipanda pamoja nayo. Gavana mwenye nia ya kutengeneza mambo alikuwa na silaha mkononi, tena imenolewa tayari. Farquhar alifanya nini? Mwanzoni mwa 1811 aliiandikia serikali yake London akitoa hoja kwamba kisiwa hakiwezi kuendelea bila watumwa wapya, na akadokeza kuwa yamkini sheria ile haikukusudiwa mahali kama Morisi. Waziri wa makoloni, Lord Liverpool, alimjibu kwa ukali mwaka uleule kwamba sheria ni sheria, na Morisi haina ruhusa ya peke yake.

Baada ya jibu hilo biashara haikukoma, ila ilihamia gizani. Meli ziliteremsha watu usiku katika ghuba zisizo na walinzi, au ziliwapitisha Shelisheli, iliyokuwa chini ya gavana huyohuyo, wakapewa karatasi za kuonyesha kuwa ni watumwa wa zamani. Wanahistoria waliochunguza habari za meli hizo wanakadiria kwamba baina ya 1811 na 1827 watu wapatao 50,000 walisafirishwa kwa magendo kuelekea Morisi na Shelisheli. Nakuomba, msomaji, usiipite hesabu hii upesi. Ni watu 50,000 baada ya sheria kuwapo, baada ya jibu la waziri, na sehemu kubwa ya miaka hiyo chini ya mtawala anayesifiwa kwa matengenezo. Hata wale waliookolewa katika meli zilizokamatwa hawakuachiliwa waende zao. Waliwekwa chini ya mabwana kwa jina la "wanagenzi", kwa muda uliofika hadi miaka kumi na minne. Mtu aliyeng'olewa kwao akiwa na miaka ishirini aliweza kuonja uhuru wake akiwa na thelathini na minne, kama alikuwa hai.

Najua jibu litakalotolewa hapa, maana nimelisikia mara nyingi. Watasema: "Usimhukumu mtu wa kale kwa mizani ya leo. Farquhar alikuwa mtu wa zama zake." Hoja hii ina sura nzuri, na kwa kuwa ina sura nzuri hupita mlangoni bila kukaguliwa. Basi na tuikague. Lord Liverpool alikuwa mtu wa zama zipi? Si zama zilezile? Naye hakuwa mtetezi wa wanyonge, alikuwa mwanasiasa wa kawaida tu, lakini alijua kwamba jambo aliloombwa ni haramu. Na Meja Jenerali Gage John Hall, aliyekaimu ugavana Farquhar alipokwenda likizoni 1817, alikuwa mtu wa zama zipi? Hall aliwaandama wafanya magendo kwa ukali hata matajiri wa kisiwa wakamchukia. Huyu naye hakuwa malaika, kwani ndiye aliyekataa kuutimiza mkataba wa Bukini nitakaoutaja punde. Lakini ametuonyesha jambo moja: katika kisiwa kilekile, kwa sheria ileile, na katika mwaka uleule, mtu aliyetaka kuifuata sheria aliweza kujaribu.

Tena mbona twapowatafuta "watu wa zama hizo" twawatafuta ofisini tu? Mtumwa aliyetoroka shambani akakimbilia mlimani alikuwa mtu wa zama hizo vilevile. Le Morne, ule mlima wa mawe ulio kusini-magharibi mwa kisiwa, unakumbukwa hadi leo kuwa kimbilio la watoro, na mwaka 2008 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Watoro hao hawakungoja karne ipite ndipo wajue kuwa utumwa ni dhuluma. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ukisema kwamba wakati ule hakuna aliyejua, umesema kwamba mtumwa hakuwa mtu.

Wako wengine watakaoleta hoja ya pili, nayo ina uzito zaidi. Watasema kwamba Farquhar ndiye aliyeukata mzizi wa biashara hiyo kwa mikataba. Ni kweli kwamba mwezi wa Oktoba 1817 wajumbe wake waliandikiana na Mfalme Radama wa Kwanza wa Bukini, mfalme akaahidi kuzuia uuzaji wa watumwa nje ya nchi yake, naye akaahidiwa fedha, bunduki, baruti na nguo za askari kila mwaka. Hall aliikataa ahadi hiyo, na Farquhar aliporudi aliifufua mwaka 1820. Ni kweli pia kwamba mwezi wa Septemba 1822 Kapteni Fairfax Moresby, kwa juhudi za Farquhar, alipata mkataba na Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, wa kuwazuia raia wake kuwauzia Wakristo watumwa. Nayakubali haya yote, wala siyadharau. Meli nyingi zilinyimwa mzigo kwa ajili ya mikataba hiyo.

Lakini mkataba husomwa kwa vitu viwili: yale uliyoyakataza, na yale uliyoyaacha. Mkataba wa Moresby uliipiga mstari bahari, kutoka Rasi Delgado, ukapita mashariki ya Sokotra, mpaka Diu katika India. Jahazi lenye watumwa likikutwa mashariki ya mstari huo liliweza kukamatwa. Magharibi yake, baina ya mwambao wetu, Unguja na Omani, biashara iliachwa kama ilivyokuwa. Basi soko la visiwa vya kusini lilipofungwa, watu waliokuwa wakikamatwa bara hawakuachwa makwao. Wengi waligeuzwa kuelekea mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba, na mkarafuu wenyewe ulikuwa umefika Unguja ukitoka katika visiwa vilevile vya Wafaransa. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka 1873. Utumwa haukuondolewa kisheria Unguja mpaka 1897, wala katika mwambao wa Kenya mpaka 1907. Sisemi kwamba Farquhar alikusudia hayo. Nasema kwamba tengenezo linaloziba tundu moja la mtungi na kuyaacha mengine haliwezi kuitwa kuponya mtungi.

Na mwaka uleule wa 1822 una habari nyingine ambayo haifai kuachwa. Alikuwapo Port Louis mwana wa ukoo wa kifalme wa Bukini, jina lake Ratsitatane, aliyepelekwa uhamishoni na Radama na kuzuiwa mikononi mwa serikali ya Farquhar. Mwezi wa Februari alitoroka, akakimbilia mlimani pamoja na watumwa kadha wa kadha. Alikamatwa, akashitakiwa kwamba alitaka kuwaongoza watumwa waasi, na mwezi wa Aprili alikatwa kichwa mbele ya watu. Basi yaweke mambo haya mawili pamoja: mwezi wa Aprili watu wanaotajwa kutafuta uhuru wao kwa mikono yao wanauawa, na mwezi wa Septemba mkataba unatiwa sahihi ili kupunguza biashara ya watumwa. Hapo ndipo tabia ya matengenezo ya kikoloni inapoonekana waziwazi. Uhuru ukitoka juu, kwa kipimo cha mtawala, huitwa wema. Ukitoka chini, huitwa uasi. Anayetengenezewa mambo hatakiwi kusema jambo.

Mwisho wake ukawa nini? Mwaka 1826 Thomas Fowell Buxton aliyafikisha Bungeni mjini London malalamiko kuhusu magendo ya Morisi, na Farquhar, ambaye wakati huo alikuwa mbunge, ilimbidi asimame ajitetee. Wachunguzi wa serikali waliotumwa kisiwani waliona kwamba biashara hiyo ilikuwa imeendelea kweli. Watumwa wa Morisi walitangazwa huru tarehe 1 Februari 1835, lakini wakafungwa tena katika kile kilichoitwa uanagenzi hadi 1839. Fidia ilitolewa, tena nono, ya zaidi ya pauni milioni mbili. Walipewa mabwana. Aliyepigwa hakupata hata senti; aliyepiga alilipwa kwa kuwa fimbo yake imechukuliwa.

Imesalia hoja ya tatu, ambayo ndiyo ipendwayo zaidi na watu wa siku zetu: "Lakini barabara zipo, na bandari ipo, na wajukuu wa watumwa wanavitumia." Naam, wanavitumia, na wavitumie. Sikusema barabara zibomolewe. Mtu akirithi nyumba iliyojengwa kwa jasho la babu yake, hukaa ndani yake bila haya. Lakini hatundiki ukutani picha ya msimamizi aliyemchapa babu huyo na kuandika chini yake, "Huyu ndiye aliyetujengea." Kukitumia kitu ni jambo moja, na kumshukuru mtu kwa ajili yake ni jambo jingine. Kama shukrani lazima itolewe, basi na iende kwa mwenye nyundo.

Watu wa Morisi wenyewe wametutangulia katika jambo hili. Baina ya 2009 na 2011 waliunda Tume ya Ukweli na Haki, ikachunguza utumwa na kazi za mkataba na athari zake kwa vizazi vilivyofuata. Tarehe 1 Februari ni sikukuu ya taifa kwao. Hawakuikataa historia ya magavana. Waliifungua upande wa pili, ule ambao haukuandikwa, wakauliza nani alilipa.

Nami nawausia ninyi mnaosoma sasa mfanye vivyo hivyo. Mkipewa orodha ya mema ya mtawala yeyote, awe mgeni au mwenyeji, wa karne iliyopita au wa wiki iliyopita, iulizeni maswali matatu. Nani aliulizwa shauri kabla ya kazi kuanza? Nani aliifanya kazi hiyo, na alilipwa nini? Na nani aliachwa nje ilipokwisha? Maswali haya si ya magavana wa Kiingereza peke yao. Hata leo kiongozi hukata utepe mbele ya barabara mpya, ngoma zikapigwa, na waliovunjiwa nyumba zao ili ipite wakawa wamesimama mbali, hawana kipaza sauti. Mtoto aliyezoea shuleni kuandika "gavana alijenga barabara" bila kuuliza zaidi, atapokuwa mtu mzima ataandika vivyo hivyo juu ya watawala wake mwenyewe, nao watafurahi sana kuwa naye.

Basi mtihani ukija, na swali likiwa ni kueleza matengenezo ya gavana fulani, yaelezeni, maana ukweli haufichwi. Tajeni bandari, tajeni mawe ya Port Louis, tajeni mikataba. Kisha msitie nukta upesi. Ongezeni mstari mmoja juu ya wafungwa wa India, na mstari mmoja juu ya wale 50,000. Huenda mtahini asiwape alama kwa mistari hiyo miwili. Iandikeni hata hivyo.